Ile Video Nzito

3 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na ile cherehani ya kushonea soli imeacha kiburi chake. Mimi mzima, ni kazi tu imenikaba koo.

Nakuandikia kuhusu duka letu la mtandaoni. Msimu wa sikukuu umekaribia na Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu tunafungua punguzo. Watu watamiminika, matangazo tayari yanazunguka. Sasa jana nilijifanya mteja, nikaazima simu ya kawaida ya jirani, nikafungua duka. Nikaosha vikombe, nikavipanga kabatini, nikarudi, ukurasa bado unazunguka. Mteja hana subira hiyo. Ataondoka akanunue raba kwa mwingine, na wewe umeshashona viatu vya msimu mzima, vimejaa mpaka chini ya kitanda chako.

Kwa hiyo tunapunguza uzito. Picha za viatu ulizopakia ni nzito mno, naomba uzipunguze. Na ile video yako ya ukurasa wa mbele, unapowakaribisha wateja, nayo ni nzito. Inalivuta duka zima nyuma. Nimeitoa kwa sasa. Usijisikie vibaya, ni mambo ya kiufundi tu.

Mchumba wangu, Mpigapicha, anakusalimu. Wazazi wake wamekubali tarehe: harusi ni wiki ya kwanza baada ya sikukuu. Andaa maneno mawili matatu ya baba wa bibi harusi.

Msemaji wako

*

6 Novemba

Msemaji wangu,

Marahaba. Mgongo upo, na cherehani ina kiburi chake kilekile, ila mimi nayo tumeshazoeana.

Nafurahi unapoandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu nakwama kwenye "halo" mpaka mtu anakata, lakini kwenye barua naenda kama maji. Anayenisoma bila kunisikia atadhani nilikuwa mtangazaji wa redio. Ulipokuwa mdogo hatukuhitaji hata hizo barua. Nilikuwa naanza neno, wewe unalimalizia, na muuza ngozi anadhani tumefanya mazoezi nyumbani. Ndipo nikakuita Msemaji, na jina likakukaa kuliko lile tulilokupa mimi na marehemu mama yako.

Picha nimezipunguza. Kazi haikuwa ndogo. Nimepiga upya viatu vyote, na badala ya jozi nimeweka mguu mmojammoja. Uzito umepungua nusu kwa nusu, hiyo hesabu hata mimi niliyeacha shule njiani nimeiweza. Nimechagua mguu wa kulia kote, duka lionekane lina mpangilio.

Video nayo nimeirekodi upya. Nimeondoa ile habari ndefu ya namna ninavyochagua ngozi, nimebakiza salamu na shukrani. Nimeiambatisha hapa. Itazame mpaka mwisho, mwisho ndio mzuri.

Maneno ya harusi nimeanza kuyafanyia mazoezi. Nayasema nikiwa nagonga misumari. Nyundo hainicheki.

Baba yako

*

8 Novemba

Baba,

Shikamoo. Nimecheka mpaka nikatokwa machozi, halafu nikakumbuka kwamba duka ni letu. Mteja mmoja ameandika kuuliza kama mguu wa kushoto unauzwa peke yake.

Nilieleza vibaya, kosa ni langu. Uzito wa picha hautokani na wingi wa viatu vilivyomo. Kamera yako inapiga picha ya kutosha kufunika ukuta, na sisi tunataka iingie kwenye kioo cha simu. Simu ya mteja inabebeshwa ukuta mzima ili imwonyeshe kipande cha kiganja. Nimekuwekea programu kwenye kompyuta ya karakana. Buruta picha ndani yake, itazifinya yenyewe. Jozi zirudi zote, tafadhali, leo kama unaweza.

Zile picha tano pana za juu kabisa, zinazojigeuza zenyewe, usiziguse. Ni za Mpigapicha. Amezipiga kwa kamera kubwa na hataki zifinywe, anasema zinapoteza uhai.

Video nimeipokea, asante. Bado ni nzito. Usijisumbue kurekodi nyingine, tuiache mpaka msimu upite. Mtu akikuuliza, mwambie ni mambo ya mtandao.

Msemaji wako

*

13 Novemba

Msemaji wangu,

Jozi zimerudi. Nimefinya picha zote, na kweli sijaona tofauti kwa macho. Kumbe mambo mengi tunayobeba hatuyahitaji.

Lakini lile neno lako la pili limenikaa kichwani. Ulisema video ni nzito, nikaipunguza, ukasema bado. Nikamwita Kinyozi, huyu jirani yangu wa mlango wa pili, nikampa maneno yaleyale ayasome mbele ya kamera ileile. Alimaliza wakati mimi ningekuwa bado nahangaika na "karibuni". Hapo ndipo nikaelewa. Maneno si mengi, ni mimi ninayeyarudiarudia. Kila ninapokwama kamera inaendelea kubeba, na mteja wa watu anabebeshwa. Tangu nikiwa mtoto naambiwa nina ulimi mzito. Sikujua kwamba hata mashine zinaupima.

Nimeona haya, mwanangu, siwezi kukuficha. Nilikuwa najigamba kwa kila anayeingia hapa kupima kiatu, namwonyesha kwa kidole aende akanione mtandaoni. Na kumbe huko ndiko nilikokuwa nakuharibia. Umenistahi kusema ni mambo ya kiufundi.

Nimekutumia ile ya Kinyozi. Ana sauti nzuri, amenyoa, na hana habari ya kukwama. Akiulizwa kuhusu ngozi hajui lolote, lakini kwenye video hataulizwa. Iweke hiyo.

Baba yako

*

15 Novemba

Baba,

Shikamoo. Nimeiweka ya Kinyozi. Imekaa vizuri. Duka sasa linafunguka upesi kidogo kuliko mwanzo.

Usiyafikirie sana hayo mengine. Nina kazi nyingi hapa, nitakuandikia kwa urefu tukipumua.

Mwanao

*

29 Novemba

Msemaji wangu,

Sijui kama utapata nafasi ya kusoma hii, najua uko vitani. Jana tangu asubuhi duka lilikuwa linazunguka tu. Nimefungua kwa simu yangu, linazunguka. Mke wa Kinyozi akafungua kwa yake, likamwonyesha kisigino kimoja kutoka kwenye zile picha pana, likagoma. Basi wateja wakaanza kupiga namba ya dukani.

Nikapokea, ningefanyaje. Wa kwanza nilitaka kumwambia halo, ikatoka "ha-ha-ha", akauliza namcheka nini, akakata. Wa pili akasema mtandao wangu unakatikakatika, nisogee dirishani. Nikasogea, hivyohivyo na utu uzima wangu, nikasimama dirishani kama antena. Mwishowe Kinyozi akaja kunipokelea simu, akamwacha mtu kitini na kichwa nusu. Viatu viko palepale rafuni vinanitazama.

Naomba kukuuliza kitu. Kuna chochote changu kilichobaki humo ndani? Ipo picha yangu ndogo kule chini, pale mnapoandika habari zetu. Itoe. Kama kuna mahali pengine nimetajwa, nifute. Sitakuwa na kinyongo hata kidogo, mimi nataka viatu vitoke.

Na kuhusu harusi, nimeshaamua. Nimemwomba Kinyozi aseme kwa niaba yangu. Sitaki shughuli yako ikwame kama duka lilivyokwama jana, wakwe wamekaa wananisubiri nifunguke.

Baba yako

*

30 Novemba

Baba,

Shikamoo. Duka limepona. Fungua sasa hivi uone, linafunguka kabla hujakaa vizuri kwenye kigoda.

Halikuwa jambo lako. Zilikuwa zile picha tano za juu. Kila aliyeingia alibebeshwa zote kwa ukubwa wake kamili kabla hajaona kiatu hata kimoja. Wakija wachache seva, ile kompyuta inayolihifadhi duka, inavumilia, walipomiminika pamoja ikaelemewa. Nimetoa nne, moja nimeifinya, na hakuna aliyesema imepoteza uhai. Halafu nimepanga kurasa zikae tayari zimeshaandaliwa, seva isizipike upya kwa kila mgeni. Ilikuwa kazi ya kufanywa mwanzoni kabisa. Sikuifanya.

Maagizo yameanza kuingia. Tafuta maboksi mengine.

Kuhusu Kinyozi na harusi, ngoja kwanza. Tutaongea.

Mwanao

*

2 Desemba

Msemaji wangu,

Hongera, hongera sana. Hapa hatupumui. Kinyozi anafunga maboksi, mke wake anaandika anwani, mimi nakagua mishono mara ya mwisho kabla kiatu hakijaniaga. Chini ya kitanda sasa naona sakafu. Nilikuwa nimeisahau rangi yake.

Usimgombeze Mpigapicha wa watu. Alitaka kazi yake ionekane, nani hataki? Na sidhani ni picha zake peke yake. Tano zake na video yangu moja, tulisaidiana kulizamisha. Mimi nilitangulia kushuka, basi.

Mteja wetu wa zamani, yule mwalimu mwenye miguu mipana, ameona video ya Kinyozi akatuma ujumbe kuuliza kama nimekufa. Nimemjibu bado.

Umeandika "tutaongea". Tangu lini tukaongea, Msemaji? Wewe unaongea, mimi nakohoa. Suala la harusi limeisha. Nimemwandikia Kinyozi maneno ya kusema, naye anayarudia mbele ya kioo chake mchana kutwa, mpaka wateja wake wanayajua. Ameongeza na kikohozi kimoja cha heshima mwanzoni. Nami nitakaa pembeni nimevaa viatu vizuri kuliko wote.

Baba yako

*

3 Desemba

Baba,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaifuta. Leo sifuti.

Video yako haikuwa nzito. Haikuwahi kuwa nzito, ile ndefu wala ile fupi. Ukurasa haubebi video mpaka mteja mwenyewe aibonyeze. Kabla ya hapo ni kipicha kidogo tu kinachosubiri. Hii ndiyo kazi yangu, Baba. Nilijua hivyo siku niliyokuandikia kwamba inavuta duka nyuma.

Mwezi wa kumi Mpigapicha alinipeleka kwao. Tulikaa sebuleni, na yeye kwa furaha akafungua duka letu kwenye televisheni ili mama yake aone zile picha tano. Mama akataka aone na video. Ukatokea wewe, umejaa ukutani, umekwama kwenye "karibuni". Dada zake wakainamisha vichwa wakawa wanatazama vikombe. Mama akauliza, na aliuliza kwa upole kabisa:

"Huyu mzee ni mgonjwa?"

Nikasema, "Hapana, ni fundi wetu."

Ni hivyo tu nilivyosema. Fundi wetu. Nikachukua rimoti nikazima. Mpigapicha alinitazama, na njiani aliponiuliza kwa nini, nikamwambia naumwa kichwa.

Kesho yake nikaanza kutafuta namna ya kukutoa. Duka lilikuwa zito kweli, nikaona nimepata pa kukufichia. Wewe ukaamini kila neno. Ukarekodi upya, ukampima Kinyozi, ukaniomba radhi kwa kunilemea, ukasimama dirishani. Nilihangaika na kukuondoa wewe mpaka nikaziacha picha za mchumba wangu zizamishe msimu wako, kwa sababu hizo sikuzionea aibu.

Na lililo baya zaidi nalisema pia. Uliponiandikia kwamba Kinyozi ndiye atakayesema harusini, kabla sijaumia nilisikia nafuu. Ilikuwa mara moja tu, lakini niliisikia. Tangu hapo najiona mchafu.

Mimi ndiye niliyekuwa namalizia maneno yako mbele ya muuza ngozi na kujiona mtu mkubwa. Sijui ni wapi nilipoanza kuyaonea aibu.

Nimeirudisha video, ile ndefu, juu kabisa ya ukurasa. Sikuitazama. Sijawahi kuitazama mpaka mwisho, wala ile ya pili, na hilo nalo ujue. Naomba useme wewe harusini. Naomba, ingawa sina uso wa kuombea.

Mwanao

*

11 Desemba

Baba,

Shikamoo. Hujajibu, na una haki. Nimempigia Kinyozi, ameniambia unakula, unashona, na husemi kitu. Nimemuuliza kama umekasirika, naye akasema hajui, maana hata siku zote husemi kitu.

Jumapili nilikwenda kwa mama yake Mpigapicha, peke yangu. Nilimwambia yule mzee wa kwenye televisheni si mgonjwa, ana kigugumizi, na ni baba yangu. Aliweka kikombe mezani. Akasema, "Ukaniacha nimwite baba yako mgonjwa mbele yako." Amesema atakuomba radhi mwenyewe mkionana. Kwangu mimi hakusema neno jingine.

Duka linakwenda vizuri. Sikuandika kwa ajili ya duka.

Mwanao

*

19 Desemba

Kwa Msemaji mstaafu,

Marahaba.

Nimekaa kimya siku zote hizi, na safari hii haukuwa ulimi.

Niliumia. Naliandika wazi ili usije ukadhani nimelipitisha kwa utani kama kawaida yangu. Wageni wamenicheka tangu sijaota ndevu, nimewazoea, nawashonea na viatu. Lakini wewe ndiye mtu mmoja niliyekuwa nikianza neno mbele yake nikijua halitaanguka chini. "Fundi wetu." Nimelirudia hilo neno nikiwa nagonga misumari. Si neno baya, na kweli mimi ni fundi wenu, lakini kila nikilisema nyundo inakosa msumari.

Kisha juzi nilifanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nilijitazama. Nilikuwa sijawahi kuiona video yangu, mwanangu. Nilirekodi nikakutumia, kama mtu anayetupa barua kwenye boksi akakimbia. Basi kumbe tulikuwa wawili tusioweza kuitazama. Nilimwita Kinyozi akae karibu, nikabonyeza, na tukaitazama mpaka mwisho.

Kwenye "karibuni" nimekwama, ni kweli. Kwenye "ngozi" nimekwama kidogo. "Viatu" nimevivuka salama, nadhani kwa mazoea. Lakini pale mwishoni, pale nilipokuambia ndio pazuri, nasema duka hili limejengwa na binti yangu. Na hapo kwenye "binti" nimekaa, Kinyozi akadhani picha imeganda. Midomo inatetemeka, macho nimeyafumba, neno halitoki. Halafu likatoka, na mimi nikacheka peke yangu mbele ya kamera kama mjinga aliyeokota kitu. Ile ya pili nayo ni hivyohivyo.

Kwa hiyo kama video ile ilikuwa na uzito wowote, uzito ulikuwa wewe.

Mwambie mama wa Mpigapicha asiwe na wasiwasi na radhi, namba ya mguu wake tu inatosha. Kinyozi nimemwachisha kazi. Amenuna, maana kile kikohozi alikuwa amekipenda, ila nimemwahidi atakaa kiti cha mbele.

Nitasema mwenyewe. Maneno ni machache. Nitawaambia mimi ni nani, nitawashukuru, halafu nitafika kwenye lile neno, na najijua, nitakwama. Watainamisha vichwa watazame vikombe. Hapo wewe utasikia ulimi unakuwasha, kwa huruma au kwa aibu, sitakuuliza.

Usinimalizie. Nisubiri.

Ba-ba-baba yako